Pati za Adui wa Mama

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama mbele ya lifti pale Tianxiu, jengo la maduka la Guangzhou, China, mfuko wa sampuli za viatu begani, nikiwaza mambo ya kontena. Mlango ulipofunguka akatoka mama mmoja amebeba boksi lililofunikwa kwa taulo, na kabla hajanipita nikaisikia ile harufu: unga uliookwa na mafuta ya ng'ombe, binzari ya manjano, na pilipili mbuzi, ile inayoanza kuwasha pua kabla haijafika ulimini. Waliokuwa nyuma yangu wakaingia, lifti ikajaa, ikapanda. Mimi nilibaki pale pale nimeduwaa, maana harufu ile ilikuwa imenirudisha jikoni kwetu, katikati ya wanawake wawili wenye hasira, kila mmoja akiniambia, "Mwambie."

Mnivumilie niwasimulie, kwa sababu hadithi hii sijawahi kuisema mbele ya mama yangu.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunaishi mtaa wa Xiaobei, katika jengo la zamani lenye lifti moja, ngazi za giza na madirisha ya vyuma, si mbali na hilo hilo Tianxiu. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Asubuhi na mapema alikwenda Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla, akarudi mchana amelowa jasho kama mtu aliyetoka kuogelea, na marobota yakafuata nyuma kwa mkokoteni. Nguo zilikwenda Mwanza kwa meli. Mama alibaki nyumbani akikaanga sambusa. Wafanyabiashara wa kwetu, na Wakongo wa Lubumbashi na Bukavu, walikuwa wamechoka na tambi na wali mweupe, kwa hiyo sambusa za Mama Pendo zilikuwa na jina. Pendo ndiye mimi.

Mama ni mtu wa Musoma. Wanaowajua watu wa Musoma hawahitaji maelezo zaidi. Wengine niwaambie tu kwamba mama akikupenda utajua, akikuchukia mtaa mzima utajua.

Aliyechukiwa aliishi chini yetu, dirisha la jiko lake chini ya dirisha la jiko letu. Jina lake lilikuwa Marva. Alikuwa Mjamaika, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwalimu wa Kiingereza katika chekechea moja ya watoto wa Kichina. Jumamosi alioka kitu alichokiita pati, akauza kwa wageni. Watu walimwita Madamu Jamaika. Mimi nilifundishwa adabu, kwa hiyo nilimwita Anti Marva, na mama alinikatia jicho kila nilipotamka hiyo "anti".

Ugomvi ulianza kwa mdomo wa Papa Ilunga, Mkongo mnene, mcheshi, mteja wetu wa tangu mwanzo. Siku hiyo alikula sambusa zake akiwa amesimama mlangoni, akafuta vidole, akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Mama Pendo, sambusa yako iko muzuri. Mais ile ya Madame wa chini, iko inapita."

Nadhani hakujua alichokifanya. Mama alimfungia zake za kupeleka nyumbani, akamuaga vizuri. Mlango ulipofungwa, akanituma nishuke nikanunue hiyo inayopita.

Nilirudi na pati moja ya moto ndani ya karatasi. Kwa umbo ilikuwa kama nusu ya mwezi, ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, kingo zake zimebanwa kwa uma. Mama hakuila. Aliilaza kwenye gazeti, akaipasua kwa kisu kama fundi anayefungua redio, akasogeza nyama huku na huku, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Magamba ya unga yalikuwa membamba, yamepandana kama kurasa za Biblia. Aliyahesabu, akapotea, akaanza upya. Mwishoni alisema ni sambusa tu iliyovaa suti.

Juma lililofuata na sisi tukaanza kuuza pati.

Hapo ndipo vita vilipoanza rasmi. Kwenye lifti wale wawili walisimama wakitazama namba za ghorofa kama watu wasiojuana. Tangazo la mama pale mlangoni mwa jengo lilikutwa limechanwa. Kwenye ngazi ya chini kukamwagwa maji ya kuoshea samaki, na mpaka leo sijui nani aliyamwaga, ingawa nina wazo. Mwenye nyumba, mwanamke wa Kichina aliyevaa kandambili za waridi, alikuja kulalamika kuhusu moshi, na kila mmoja akaamini ni mwenzake aliyemuita. Baba alijaribu kutuliza kwa kusema wagombanao ndio wapatanao. Mama akamjibu kwamba yeye hakugombana na mtu, amechokozwa, na hana mpango wa kupatana.

Pati zetu, niseme ukweli, zilikuwa mbaya. Mama aliukanda unga kama wa chapati, kwa nguvu zake zote na mafuta ya moto. Zilitoka ngumu, nyama ikivuja pembeni. Wateja walinunua kwa heshima, na wale wenye heshima kidogo waliacha kununua.

Siku ya kusutwa ilikuwa Jumapili. Tulikuwa tunasali na wageni wengine katika ukumbi wa kukodi, na mara moja moja baada ya ibada kila familia ilileta chakula. Mama alipanga pati zake kwenye sinia, akazipamba na majani ya kotimiri. Anti Marva hakuwa akisali nasi mara kwa mara, lakini siku hiyo alikuja, amevaa kofia kubwa ya buluu. Alipita mbele ya meza, akasimama, akachukua moja. Aliuma. Alitafuna polepole kama mtu anayesikiliza kitu mbali. Kisha akatoa leso kwenye pochi, akatema ndani yake, akaikunja vizuri.

Anti Marva hakumtazama mama. Alinitazama mimi, kwa sababu mama hakujua Kiingereza cha kutosha kugombana, na mimi nilikisoma shuleni. Akaniambia maneno machache, taratibu, niyapate yote.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nilitafuta pa kujificha, hapakuwapo. Nikasema, "Anasema, kuiba angekusamehe. Anasema huku kuharibu, hapana."

Mama alibeba sinia lake, tukatoka kabla ya sala ya mwisho. Nyumbani alizitia zile pati zote kwenye mfuko wa taka, akaufunga fundo kama anamnyonga mtu.

Mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Jumamosi iliyofuata mlango uligongwa, na aliyesimama nje alikuwa Anti Marva mwenyewe, aproni imeshafungwa kiunoni, mkononi mfuko wenye pande la mafuta meupe ya figo ya ng'ombe. Aliniambia nimweleze mama hivi: wateja wanasema wamekula pati ya Jamaika kwa Mama Pendo na si tamu, kwa hiyo jina linalochafuka si la Mama Pendo, ni la Jamaika, ni la bibi yake aliyemfundisha. Kama mama ameamua kuiba, basi aibe sawasawa.

Nilitafsiri huku nimeshika kitasa, tayari kufunga. Mama alisimama, ameshika kiuno, akamtazama yule mwanamke kutoka kichwani hadi kwenye kandambili. Najua sasa kwamba vitu viwili vilikuwa vinapigana ndani yake, kiburi na hamu ya kujua. "Mwambie aingie," akasema. "Na mwambie kwangu viatu vinavuliwa."

Ilikuwa ile miezi ya unyevu ambayo Guangzhou kuta hutoa jasho, nguo haikauki, na chumvi hugeuka tope ndani ya kopo. Anti Marva aliingia jikoni, akapeperusha mkono hewani, akauliza kiyoyozi kiko wapi. Tulikuwa nacho, ukutani, kimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Mama hakuwahi kuruhusu kiwashwe kwa sababu ya umeme. Akasema kimeharibika. Anti Marva alisonya, msonyo mrefu ambao hauhitaji mkalimani, kisha akanituma kwa muuza samaki nikaombe barafu.

Basi somo likaanza, na sijawahi kuona somo lenye chuki kama lile. Bakuli la unga likakalishwa juu ya barafu iliyonuka samaki. Anti Marva akatia chumvi na manjano, akayakwangua yale mafuta ya figo yakiwa yamegandishwa, akayachanganya na unga kwa ncha za vidole tu, haraka haraka, mpaka vikawa chembe chembe kama mchele. Akamimina maji ya baridi yenye tone la siki, kidogo kidogo. Akasukuma bakuli mbele ya mama.

Mama akaingiza mikono yake ya chapati.

Anti Marva akampiga kofi la mkononi. Si kwa nguvu, lakini lilikuwa kofi. Nikaona mishipa ya shingo ya mama ikisimama. "Mwambie unga huu haupigwi," Anti Marva akasema. "Unakusanywa tu, halafu unaachwa upumzike. Mwambie yeye anaukanda kama vile umemkosea."

"Mwambie aliyenikosea yuko mbele yangu," mama akajibu, lakini mikono yake ikalegea.

Unga ukalala kwenye friji. Nyama ya kusaga ikaingia sufuriani na vitunguu, majani ya vitunguu, pilipili mbuzi iliyokatwa ndogo ndogo, na majani makavu ya thaimu. Anti Marva akafungua kikopo alichokuja nacho kutoka kwao, akatoa mbegu nyeusi zinazofanana na pilipili manga, akazitwanga. Zilinukia karafuu na mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Mama alizinusa kwa siri, akijifanya anafuta jasho. Kisha zikaja chenga za mkate na maji, mchanganyiko ukachemka mpaka ukawa mzito wa kushika kijiko. Mama akataka kujaza papo hapo. Hapana, akaambiwa, nyama ya moto inayeyusha mafuta kwenye unga, ndiyo maana pati zako zinalia pembeni. Ipoe kabisa.

Wakakaa kusubiri ipoe, hawana la kufanya ila kuchukiana. Anti Marva akasema jiko letu ni dogo na lina mafuta ukutani. Mama akasema jiko lina watu wanaolitumia, si kama la mtu anayejipikia peke yake. Anti Marva akasema mwanamke anayemtuma mtoto akanunue kwa adui hana ujasiri. Ndipo mama akasema lile neno.

"Mwambie kama angekuwa na mtoto wake, asingekuwa na muda wa kuja kusumbua nyumba za watu."

Sikutafsiri. Nilitazama sakafu, nikasikia barafu ikididimia ndani ya beseni. Anti Marva alingoja, akanitazama, akamtazama mama, na naona usoni kwa mama alisoma yote aliyotaka. Aliongea kwa sauti ya chini, na hapo nilitafsiri, kwa sababu hakuwa ananitumia tena kama jiwe la kurusha.

"Anasema anaye. Wa kike, umri wangu. Yuko Jamaika kwa bibi yake. Anasema alimwacha akiwa bado anatambaa, na ada ya shule yake inatoka kwenye pati."

Mama hakusema pole, wala samahani. Hata uso wake haukubadilika sana. Alisimama, akaenda ukutani, akaondoa kile kitambaa cha kufuma, akakikunja, akabonyeza kitufe. Kiyoyozi kilichosemekana kimeharibika kikakohoa, kikatoa vumbi, kisha kikaanza kumwaga baridi jikoni kwetu.

Anti Marva akakitazama, akatazama mama. "Mwambie bili ya umeme ikija asiniletee mimi," akasema, akachukua kifimbo cha kusukumia.

Walifanya kazi mpaka jioni, kwenye ile baridi, bila kuzungumza ila kwa amri. Unga ulisukumwa, ukakunjwa, ukasukumwa tena. Miduara ikakatwa kwa kisahani cha chai. Kijiko cha nyama upande mmoja, maji ukingoni kwa kidole, funika, bana kwa uma. Zilipotoka kwenye oveni ndogo ya mama zilikuwa zimevimba kidogo, za manjano, zikitoa mlio kama majani makavu ukizigusa. Mama aliuma moja. Nilimuona akifumba macho, na papo hapo akayafumbua ili asionekane.

"Mwambie si mbaya," mama akasema.

"Mwambie ni mbaya," Anti Marva akajibu. "Lakini haitukani bibi yangu tena." Akavaa viatu vyake mlangoni, akashuka ngazi bila kuaga.

Kama mnangoja niwaambie wakawa marafiki, mtangoja sana. Kwenye lifti waliendelea kutazama namba. Wateja waligawanyika, wengine chini, wengine juu, na Papa Ilunga alikula kote kote akijificha kama mwenye nyumba ndogo. Lakini kila Jumamosi, kabla ya kumuuzia mtu yeyote, mama aliweka pati moja kwenye kisahani, akafunika kwa leso, akaniambia, "Mpelekee yule mwanamke. Mwambie aone kama kuna mwizi hapa."

Nikashuka. Anti Marva aliuma mara moja, mbili, akarudisha kisahani na hukumu. Chumvi imezidi. Kingo nene. Thaimu imeungua. Leo alikuwa na haraka, unga haukupumzika. Nilipanda na maneno yale nikiyarudia ngazi nzima nisisahau, na mama alifoka, akamwita kila jina, akasema mwanamke yule ana ulimi wa kinyonga, halafu Jumamosi iliyofuata chumvi ikawa imepungua. Pati zake zilizidi kuwa nzuri. Wakongo walianza kuziagiza hata za kusafiri nazo, zifungwe vizuri mpaka Lubumbashi.

Kisha chekechea ikamwambia Anti Marva haitahitaji huduma yake tena, na bila kazi hakukuwa na kibali cha kuishi China. Mwenye nyumba wa kandambili za waridi hakungoja, alileta watu wa kutazama chumba naye akiwa bado ndani. Aliyeleta habari alikuwa baba. Mama alisema afadhali, sasa tutapumua, na akaendelea kukata vitunguu.

Jumamosi ile nilishuka na kisahani kama kawaida. Mlango ulikuwa wazi, mabegi yamepangwa, teksi ya kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun inangojwa. Anti Marva alikaa juu ya begi, akapokea kisahani, akala. Hakuacha baada ya kuuma mara mbili. Alikula yote, polepole, mpaka chenga za kwenye leso alizikusanya kwa kidole. Alinirudishia kisahani, akanishika kidevu kidogo, akasimama kutafuta viatu vyake.

Nilipanda. Mama alikuwa mlangoni.

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu."

"Amebakisha?"

"Hajabakisha."

Mama alikipokea kile kisahani kitupu, akakigeuza huku na huku. "Hawezi kukosa la kusema," akasema. "Rudi umuulize. Mwambie leo nilipunguza maji kidogo, aseme kama kaona." Nikakimbia. Chumba kilikuwa kitupu, na chini mtaani teksi ilikuwa imeshaondoka.

Jumamosi iliyofuata mama alikaanga sambusa. Na iliyofuata vile vile. Watu waliuliza pati, Papa Ilunga aliomba kama mtoto, na mama akawa anajibu kama wauza duka wa pale wanavyojibu wakichoka nawe: "Meiyou." Hakuna. Kwa akili yangu ya kitoto niliamua mama ameshinda vita na sasa anadharau nyara. Nilimuona mkatili kidogo. Nilisikitika kwamba chakula kizuri namna ile kilikuwa kimetumika kama fimbo tu, na fimbo ikishamaliza kazi inatupwa.

Sasa wazazi wamerudi Musoma na mimi ndiye ninayekimbizana na marobota. Baada ya siku ile ya lifti nilimpigia mama simu, nikamuuliza, kwa njia ya mzaha, kwa nini aliacha kuoka pati wakati zilikuwa zinaisha kabla hazijapoa. Nilisikia kuku wake, na redio ya jirani.

"Wateja walikuwa wanasema tamu," akasema. "Kila wiki, tamu. Hata nikikosea makusudi, tamu. Sasa mtu unaoka ili iweje?"

Nikamuuliza kama anamkumbuka yule mwanamke. Akanijibu kwa ukali kwamba hamkumbuki mtu yeyote mwenye dharau kama ile, na kwamba alimtemea chakula chake mbele za watu wa Mungu. Halafu akaniuliza, huku akijifanya anafukuza kuku, kama katika hii mitandao yetu ya siku hizi mtu wa Jamaika anaweza kutafutwa akapatikana.